Fainali ya Magongo na Mgonjwa wa Voi

Kaka yangu alipiga simu Jumatatu asubuhi, nikiwa ofisini Midrand nagombana na mwenye mabasi kwenye simu ya mezani. Akanisalimu, akamuulizia binti yangu, akaulizia baridi ya Johannesburg, halafu akasema, "Mama hali yake si nzuri. Ukipata nafasi, njoo." Nikamwambia, "Sawa kaka, nitakuja." Tukaagana vizuri. Nikamrudia mwenye mabasi, nikaendelea kumgombeza pale pale nilipokuwa nimeachia.

Mama alikuwa ameshakufa. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini nililijua kabla kaka hajakata simu. Kwetu Voi, na sidhani ni kwetu tu, mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Anaambiwa kuna mgonjwa. Sasa mgonjwa wa kweli ana habari zake: leo amekunywa uji, leo ameukataa, daktari kasema hivi, sindano imemvimbisha mkono. Mama alipokuwa mgonjwa kweli, kaka alinisimulia mpaka habari za choo, nikawa namwambia basi, inatosha, niko kwenye chakula. Siku hiyo hakunisimulia chochote. Hali si nzuri, njoo, basi.

Na aliyenifundisha kuisikia sauti hiyo ni mama mwenyewe. Nilipokuwa msichana mdogo, yeye ndiye ambaye ukoo ulimtuma kuwapigia walio mbali. Babu alipofariki tulikwenda pamoja kwenye kibanda cha simu pale stesheni, akampigia mjomba aliyekuwa akifanya kazi Kisumu, akamwambia, mzee hajiwezi, panda basi uje. Mzee mwenyewe yuko mochari tangu jana yake. Tulipotoka nikamuuliza, mama, mbona umemdanganya mjomba? Hakukasirika. Alisema, "Mtu akiwa njiani peke yake humtwiki maiti. Mwache afike kwanza, ataibeba na wenzake."

Kwa hiyo desturi niliijua. Ila desturi hiyo ina mlango wa nyuma, nao niliuona asubuhi hiyo hiyo: maadamu hakuna aliyesema, mama yangu ni mgonjwa tu. Na mgonjwa anaweza kungoja. Jumamosi nilikuwa na fainali.

Kazi yangu ni kupanga ratiba na safari za ligi ya mpira wa magongo ya vyuo. Watu wakisikia hivyo hudhani nachora visanduku kwenye kompyuta huku nakunywa chai. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vyuo vingine viko huku juu kwetu, vingine Bloemfontein, vingine kule pwani Durban, na katikati kuna barabara ndefu yenye milima na malori. Chuo kimoja ni cha kanisa, Jumapili hawagusi gongo hata uwape kombe mkononi. Vyuo viwili vinatumia uwanja mmoja na viongozi wao hawasemezani, kila mmoja huniambia mimi nimwambie mwenzake. Wa pwani wanalalamika hewa ya huku ni nyepesi, lazima wafike siku moja kabla ili wapate pumzi. Wa huku wakishuka pwani wanalalamikia joto. Kukiwa na mechi kubwa uwanja wa Ellis Park, basi halipiti Bertrams, na hosteli tunayowalaza wageni iko mtaa huo huo. Wenye teksi wakigoma, barabara ya Alexandra inafungwa na waamuzi wanabaki majumbani wakinitumia picha za matairi yanayowaka.

Halafu uwanja wenyewe ni wa nyasi bandia zinazotaka kumwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Mwaka wangu wa kwanza, mimi mtoto wa joto la Voi, niliagiza uwanja umwagiwe maji alfajiri, mwezi wa Julai, ambao huku ni baridi kali, ili kazi iishe mapema. Jua lilipotoka, uwanja ulikuwa barafu tupu. Vijana walianguka kama magunia. Makocha hawajanisahau, na kila Julai lazima mmoja aniulize, "Mama, leo tunacheza magongo au tunauza aiskrimu?" Mimi huwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mama hakuielewa kazi hii mpaka mwisho. Nilipomweleza mara ya kwanza alicheka. "Kazi mbaya si mchezo mwema," alisema, "na wewe umekwenda mpaka Afrika Kusini kuufanya mchezo ndiyo kazi." Halafu akauliza, "Na hao watu wazima hawawezi kukubaliana siku wao kwa wao?" Hawawezi, mama. Wangeweza, mimi ningekuwa Voi.

Jumanne kaka alipiga tena. "Umeshapata nafasi?" Nikamwambia nina fainali Jumamosi, nitaondoka Jumapili. Nyuma yake niliwasikia wanawake wakiimba, wengi, kwa kupokezana, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia.

"Nani hao wanaimba, kaka?"

"Ni akina mama wa kanisa. Wamekuja kumwombea mgonjwa."

"Wamefanya vizuri."

"Ee. Wamefanya vizuri."

Nilimwonea huruma. Alikuwa anatamani kuniambia panda ndege leo, lakini angenihimiza mno angekuwa ameniambia. Na mimi nilikuwa na uwezo wa kumtua mzigo wake kwa neno moja, nikanyamaza. Tukazungumza kidogo juu ya mvua, ambayo haikuwa imenyesha, kisha tukaagana.

Sikulia. Naomba nieleweke, sikuwa najikaza. Hakukuwa na cha kukaza. Nilikula, nilioga, nilisimama kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, nikangoja ya kijani kama madereva wengine. Ukiulalia mkono, ukiamka unauona ni wako lakini haukusikii. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Niliwapigia watu wa hosteli, nikahesabu vitanda, nikamkumbusha mtu wa pampu ya maji ya uwanja. Niliifanya kazi vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Ijumaa theluji ikaanguka milimani. Kocha wa timu ya Durban, mama mmoja mwenye sauti kama filimbi, alinipigia kutoka kituo cha mafuta chini ya mlima. Barabara imefungwa, malori yamepanga foleni mpaka hayaonekani mwisho, wasichana wake wamejifunga mablanketi ndani ya basi na wanaimba ili wasiogope. "Mama, tufanye nini?" Huku mwanamke wa umri wangu anaitwa mama na kila mtu, ni heshima, na kwa kawaida napenda. Wiki ile, kila nilipoitwa hivyo nilitaka kugeuka nyuma nione kama amekuja.

Nikawatafutia mahali pa kulala mjini Ladysmith na kuwaambia wageuze. Kisha mwenyekiti wa ligi akaitisha kikao. Ni mzee mpole, profesa mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuniinulia sauti. Makocha wakajaa mezani, wengine kwenye skrini. Tukaanza kuzichinja siku moja moja. Jumapili haiwezekani, waliopangwa kucheza na Durban ndio hao wa chuo cha kanisa. Jumatatu uwanja una watu. Kuanzia Jumanne kuna mitihani, na hakuna mkuu wa chuo atakayemtoa mwanafunzi kwenye mtihani akapige mpira kwa fimbo. Ikabaki Jumamosi iliyofuata.

"Jumamosi ijayo, basi," alisema mwenyekiti. "Kuna mwenye pingamizi?"

Kila kocha alisema hana. Mimi hakuna aliyenitazama. Mpanga ratiba haulizwi kama siku inamfaa, kwani saa ya ukutani huulizwa kama imechoka? Ningeweza kusema. Neno lenyewe halikuwa zito. Lakini ningelisema pale, kwa Kiingereza, mbele ya watu walioshika kalenda, mama yangu angekuwa amefia Midrand. Nikaandika barua pepe ya kutangaza siku mpya, nikaisoma tena kuangalia makosa, nikaituma.

Jumamosi nikampigia kaka mwenyewe. "Sitaweza kuja kesho. Kumeanguka theluji."

"Theluji?"

"Theluji, kaka. Fainali imesogezwa mpaka Jumamosi nyingine. Lazima niwepo."

"Dada yangu," alisema, na ile sauti aliyoirithi kwa mama ikaanza kupasuka, "mgonjwa anachoka kungoja." Nikamwambia najua, nitajitahidi. Niliweka simu chini, nikaenda kuanua nguo.

Jumapili mchana nilikwenda Bertrams kusukwa. Msusi wangu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ana kisaluni nyuma ya spaza, yaani kiduka cha mtaani, viti viwili na kioo kimoja, na mdomo usiopumzika. Siku zote ananisuka rasta ndefu huku akinisimulia waume za watu. Siku hiyo nikamwambia anifumue zote, anisukie mistari ya kwenda nyuma tu, bila nywele za kuongeza. Kwetu pwani msuko huo una jina lake, unaitwa twende kilioni, kwa sababu ni wa haraka na ndio ambao watu husukwa wakipata msiba. Jina sikulitaja. Nilisema tu mistari.

Alishika kitana akanitazama kwenye kioo. Hakuuliza kitu. Alinisuka kimya tangu mwanzo mpaka mwisho, yeye ambaye hanyamazi hata akinywa maji, na mikono yake ilikuwa mipole hata ikaniudhi. Alipomaliza akasema, "Pole, mama."

"Pole ya nini?" nikamrukia.

"Ya safari. Safari ni ndefu." Akatoa kitambaa cheusi kutoka kwenye mkoba wake akanifunga kichwani, akakikaza kwa nyuma. "Utanirudishia siku utarudia."

Nilikaa ndani ya gari mtaani pale nikiwa na kitambaa cha watu kichwani. Watu wote waliozaliwa na lugha hii walikuwa wananitunzia siri ambayo sikuwaomba waitunze. Nikawasha gari nikaenda nyumbani kupika.

Binti yangu alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata ninapomsengenya, lakini hukijibu kwa Kiingereza, na kwa rafiki zake ni Kizulu tu. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na magongo hayapendi hata kidogo. Anasema ni fujo ya watu walioinama. Jioni ile alikuwa mezani na vitabu vyake, mimi nasukuma chapati. Alinitazama nywele. Akaendelea kunitazama. Nikamwambia, "Soma."

Simu ikalia juu ya meza. Mikono yangu ilikuwa na unga mpaka viwikoni, kwa hiyo yeye ndiye aliyebonyeza, akaweka sauti ya nje. Kaka akaanza salamu zake. "Mwanangu, hujambo? Masomo? Mama yuko?" Nyuma yake wale wanawake walikuwa bado wanaimba.

"Anko," binti yangu akasema, kwa Kiswahili, ambacho sikuwa nimekisikia mdomoni mwake tangu alipoanza shule, "bibi amekufa?"

Hakusema amefariki, wala ametutoka, wala amelala. Amekufa, mkavu hivyo.

"Ebo!" nikamkemea. "Hivyo ndivyo mjomba anavyosemeshwa? Huna adabu?"

Akanigeukia akarudi kwenye Kiingereza chake. Alisema wiki nzima napika, nafua, nasema asante, na ndani ya macho yangu hakuna mtu. Alisema anajua kuna kitu, anakisikia kwenye simu kila siku, watu hawaimbi hivyo kwa mgonjwa. Alisema amechoka kuogopa peke yake ndani ya nyumba yenye watu wawili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Kule Voi kuimba kulikuwa kunaendelea.

"Mpe mama yako simu," kaka akasema.

"Nakusikia, kaka."

"Unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile. Hukunisimulia uji."

"Yaani!" Akavuta pumzi. "Yaani mimi nakonda huku nakutafutia maneno, usiku silali, na wewe unajua?" Akacheka, au akalia, kwa simu sikuweza kutofautisha. Kisha akasema kwamba wameshindwa kukubaliana siku. Mchungaji anataka Ijumaa, shangazi anataka wa Mombasa wafike kwanza, wazee wanataka hivi na vijana vile, kila jioni wanakaa na kila jioni wanaachana bila neno. "Tunakungoja wewe. Wewe ndiye fundi wa siku. Tupangie siku ya mama."

Nilisimama pale na unga unanikauka mikononi. Vijana wa nchi nzima hupanda mabasi kwa neno langu, hushuka kwa neno langu. Nilikuwa naiona kalenda yote kichwani, safu kwa safu, na sikuweza kukiweka kidole mahali.

"Jumamosi," binti yangu akasema.

"Jumamosi ni fainali," nikasema, na nikajisikia nikisema.

Alinitazama tu, mtoto huyo, kwa macho ya mama yangu.

"Jumamosi, kaka," nikasema. "Tumzike Jumamosi. Tunaondoka keshokutwa." Nilisema tunaondoka kabla sijafikiri, na binti yangu akafunga vitabu vyake kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa.

Jumatatu asubuhi nilisimama mlangoni kwa mwenyekiti, sikukaa. "Jumamosi sitakuwepo. Namzika mama yangu." Mzee wa watu akainuka, akasikitika, akauliza kwa nini sikusema kwenye kikao, maana wangesogeza. Wasogeze wapi? Siku zilikuwa zimekwisha, yeye mwenyewe alizichinja. Hasira zikanipanda, za kwanza za kweli tangu ile simu, na nilishukuru kuzisikia. Nikamwekea funguo za chumba cha pampu mezani. Nikamwambia wageni walale Bertrams, hakuna mechi Ellis Park wiki hii. Durban waanze safari Alhamisi, wasingoje Ijumaa. Na uwanja usimwagiwe maji kabla jua halijapanda. "Hilo tunalijua," akasema kwa upole, na sote wawili karibu tucheke.

Fainali ilichezwa. Haikunihitaji. Matokeo niliyauliza niliporudi kurudisha kitambaa na kuendelea na kazi.

Tuliruka mpaka Nairobi, kisha tukapanda treni ya Voi. Binti yangu alikaa dirishani akitazama nchi ambayo anaijua kwa likizo tu. Kila mara alinishika mkono, akaniachia, akanishika tena. Mama alisema mtu asitwikwe maiti akiwa njiani peke yake. Mimi nilitwikwa jikoni kwangu, na mtoto asiye na adabu, na akashika upande wa pili mpaka mwisho wa reli.

Nyumbani wote walijua kwamba najua. Kaka alikuwa ameshawaambia. Hata hivyo hakuna aliyeruka hatua hata moja. Walinipokea mizigo, wakanipitisha sebuleni, wakaniketisha kwenye kiti cha mama. Mama mdogo akakaa kulia kwangu, shangazi akakaa kushoto, wamenibana. Nikaletewa maji. Nikanywa kidogo, binti yangu akaipokea bilauri. Nyimbo zikanyamaza. Kaka akasimama mbele yangu, amekonda kweli, akakohoa.

"Dada," akaanza, "tulikupigia simu tukakwambia mama hali yake si nzuri."

Ningeweza kumwambia basi, najua, pumzika. Nilimwacha aseme. Akanisimulia yote kwa mpangilio: jinsi Jumapili ile mama alivyoamka vizuri, akaomba atolewe nje aote jua, akanywa uji wote, akaniulizia mimi na michezo yangu, akasema atalala kidogo. Nikasikiliza kama mtu asiyejua kitu. Alipofika kwenye neno lenyewe alilisema polepole, akiniangalia, na wiki nzima ikanishukia kwa mkupuo mmoja. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Sikuanguka. Mama mdogo na shangazi walikuwa wamenishika tangu nilipoketi.